Siku Mama Alipokodi Gari la Maua

Petroli na udi. Nikisikia harufu hizo mbili pamoja, hata leo na mvi zangu hizi, narudi kwenye kiti cha nyuma cha Pijo nyeupe ya Ojambo, binti wa miaka tisa, na Mama amekaa mbele kama waziri. Ilikuwa miaka ya sitini, bendera ya Uganda bado mpya, na hapo Busia kwetu gari la kukodi lilikuwa na kazi tatu tu: bibi harusi, mgonjwa na maiti. Mtu akodi gari kwenda kutazama? Atazame nini? Wangemwita mwendawazimu mbele ya watoto wake.

Baba alikuwa dereva wa lori, na homa ilimwondoa kwa siku nne. Mama akakaa eda ndani ya nyumba, miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hata ukumbini hatoki. Baba mdogo, nduguye Baba, hakungoja iishe. Alitangaza kwamba atamrithi Mama pamoja na nyumba. Akikataa, afungashe aende zake, mimi nibaki kwa ukoo. Wazee wangekuja kesho yake eda ikishamalizika, baada ya alasiri, kulikamilisha jambo hilo. Majirani wakamwambia Mama subira yavuta heri. Subira gani, jamani! Mimi nilikuwa nalala nimeshika pindo la leso yake ili wasimchukue nikiwa usingizini.

Asubuhi ya siku hiyo ya wazee, Mama alioga, akajifukiza udi, akavaa leso nyekundu, akamwita Ojambo, aliyekuwa rafiki wa Baba, akamlipa kwa fedha yake mwenyewe ya kuuza mandazi. Akaniambia, “Baba yako kila akirudi safari alikuwa akinihadithia Jiwe la Tororo na ziwa la Majanji. Miaka kumi na mmoja nimesikiliza huku nakoroga ugali. Leo naenda kutazama.” Jana yake gari lilikuwa limempeleka bibi harusi Bulumbi, na utepe na maua mekundu bado yamefungwa mbele. Ojambo akainama kuyafungua. “Yaache, shemeji,” Mama akasema. “Yamekukosea nini?”

Basi tukashika njia ya Tororo, vumbi jekundu nyuma yetu. Karibu na Rubongi wanawake waliokuwa wakipalilia wimbi walitupa majembe, wakapiga vigelegele, wakakimbia kando ya gari wakiimba. Ojambo jasho likamtoka. “Mama, watu nadhani wewe bibi arusi! Nasimama, natoa maua.” Mama akamwambia endesha, akatoa mkono dirishani akawapungia. Halafu jiwe likatokea, jeusi, limesimama peke yake juu ya nchi tambarare, mwewe wakizunguka kileleni. Tulitembea mpaka chini yake. Mama akaliwekea kiganja, likiwa na joto la jua, akasema, “Kumbe hakunidanganya.” Akalia kidogo, akajifuta, akataka kwenda ziwani.

Tukarudi tukapita katikati ya Busia bila kusimama, maua yakipepea, tukateremka kupitia Masaba, mihogo na vichuguu huku na huku, mpaka Majanji. Sikuwa nimewahi kuona maji yasiyo na ng’ambo. Mbali kabisa palikuwa na visiwa, rangi ya moshi wa kuni mbichi. Nikauliza kama tutafika kule. “Gari haliendi juu ya maji, mwanangu. Lakini nimeviona, hakuna wa kuniondolea.” Alikula samaki wa kukaanga kwa vidole, mafuta mpaka kwenye kiwiko, akacheka. Tangu Baba afe nilikuwa sijamsikia akicheka.

Huku nyuma, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwendesha baiskeli wa mpakani alikuwa ametoka Rubongi na habari moto: mjane ameolewa, ameonekana kwenye gari la maua! Baba mdogo aliipata habari ameketi na wazee barazani kwetu, wakimngoja Mama. Hasira zikampanda. Akasimama akaapa mbele yao wote kwamba mwanamke huyo hamtaki tena, mtoto wake amchukue aende naye, na mguu wake yeye hautakanyaga nyumba ile maisha.

Tuliingia jua likizama. Baba mdogo akatufokea tangu mlangoni, “Yuko wapi huyo mumeo?”

“Mume wangu nilimzika, shemeji,” Mama akajibu. “Nilikwenda kutazama jiwe.”

Mkubwa wa wazee akacheka mpaka akakohoa, akamgeukia Baba mdogo: “Umeapa sote tukikusikia: yeye humtaki, mtoto ni wake, nyumba huikanyagi. Maji yakimwagika hayazoleki. Chukua fimbo yako twende.”

Siku zote nilimuuliza Mama kama yale maua aliyaacha kwa makusudi. Alikuwa akiniambia nikachote maji. Leo kwenda Tororo ni lami tupu, vijana wanapiga picha mbele ya jiwe bila kulitazama, na magari ya kukodi yamejaa kila kona. Lakini msinidanganye kwamba dunia imebadilika kiasi hicho. Wiki iliyopita wajukuu wa Baba mdogo walikuja, simu nzuri mikononi, kunieleza kwamba nyumba hii aliyoniachia Mama ni ya ukoo, haikaliwi na mwanamke peke yake na kwamba tukae kikao. Nimewakaribisha ukumbini, nimewapa chai na mandazi. Kisha nimekata maua pale mlangoni, nimeyafunga mbele ya gari langu, nikawasha. Wakae tu. Mimi nimekwenda Majanji.