Kelele ya Kisu cha Katikati

Ngumi ya kwanza aliyopigwa Dalmas Sitati ilitoka kwa baba yake, na ya pili vilevile. Baba huyo alikuwa fundi wa reli, mwana wa fundi wa reli, na katika chumba chao kimoja pale Bondeni, Nakuru, mtoto alifunzwa kwa mkono kwanza, kisha kwa maneno, kama maneno yalibaki. Dalmas alipofika miaka kumi na mitano alijiunga na ndondi. Huko akagundua kwamba kile kilichomliza nyumbani kinaweza kupigiwa makofi, akakifanya kwa miaka kumi na mmoja. Alivunja pua za watu, alivunja taya, hadi jioni moja jamaa wa Eldoret akamtwanga sikio la kulia damu ikamchuruzika shingoni. Sikio hilo halijasikia kitu tangu siku hiyo.

Waliompenda walidhani akiacha ulingo atatulia. Wapi. Alipata kazi ya ufundi katika klabu moja ya wenye nazo kwenye barabara ya Njoro, kutengeneza pampu, jenereta na trekta dogo la kukatia nyasi, na ngumi zikahamia huko pamoja naye. Muiruri, dereva wa hilo trekta, ndiye aliyezionja vizuri. Siku moja kantini alimwita Dalmas kiziwi mbele ya wapishi, na kabla hajamaliza kucheka, meno yake mawili yalikuwa ndani ya sahani ya githeri. Dalmas alilala rumande wiki tatu. Mkewe Nasimiyu akafunga mizigo, akamshika binti yao Shantel mkono, akarudi kwao Kimilili.

Rumande haikumtisha. Kilichomtisha ni kurudi nyumbani akute viatu vidogo havipo mlangoni. Akamfuata mkewe, na wazee wa kanisa la Friends, watu wasiotaka vita hata vya maneno, wakamsimamisha mbele ya waumini wote. Akaweka glavu zake mezani, akaahidi kwamba hatainua mkono juu ya mtu tena. Nasimiyu alikubali kurudi Nakuru, lakini aliongeza lake.

"Baba Shantel, siku utagusa mtu tena, mimi sitauliza ni kwa nini. Utatupata Kimilili, na hiyo time hutanirudisha."

Miaka minne ikapita bila kumgusa mtu. Msidhani ilikuwa rahisi. Alijiuma ndani ya shavu mpaka akatema damu, kwa sababu Muiruri alizijua habari za ile ahadi na akazitumia kila siku. Alipitisha trekta karibu naye makusudi amrushie nyasi na mawe madogo usoni. Alimwita Pasta. Dalmas alijifuta, akaendelea na kazi, na usiku akapiga godoro.

Jumatano moja ya mwezi wa nane, deki ya trekta ikaanza kulia. Deki ndilo lile sinia kubwa la chuma chini ya trekta ambamo visu vitatu huzunguka. Kwanza ulikuwa mngurumo tu, kesho yake ikawa kishindo cha kurudiarudia, kama mtu aliyefungiwa ndani anayepiga mlango mateke.

Alhamisi jioni Dalmas alizima mashine, akachomoa waya wa plagi ili isije ikawaka mikono yake ikiwa ndani, akainua deki kwa jeki na kukwangua nyasi zilizogandamana chini yake. Mkanda unaozungusha visu ulikuwa mzima. Puli zote zilikuwa zimekaza. Ndipo akaanza kusikiliza, na kusikiliza kwake hakufanani na kwa mtu mwingine. Aliiweka ncha ya bisibisi kwenye beringi ya kila kisu, akauma mpini kwa meno, halafu akazungusha kisu kwa mkono polepole. Sauti ilimwingia kupitia taya mpaka ndani ya fuvu. Kisu cha kushoto kilikuwa kimya. Cha kulia, kimya. Cha katikati kilisaga kokoto.

Akaupangusa kwa dizeli mfuko wa chuma unaoshika ile beringi, akaona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele na ulikuwa umezunguka karibu mfuko mzima. Chanzo chake nacho hakikujificha. Muiruri alichoka kunoa visu kila wiki kwa sababu ya mawe ya pale uwanjani, akapeleka kipimo kwa mhunzi wa kando ya barabara, akafuliwa vitatu kutoka kwa springi ya lori, jinsi wanavyofua mapanga. Visu hivyo havikuwa na habari ya kuwa butu wala kupinda, na kila mtu alimsifu. Lakini vilikuwa vizito kupita kiasi, na cha katikati kilikuwa kizito zaidi upande mmoja. Kila kilipozunguka kiliutikisa ule mfuko, maelfu ya mara kwa dakika, na chuma kikachoka.

Ijumaa asubuhi Dalmas alimfuata meneja, kijana aitwaye Lewis, akamkuta na Muiruri kando ya trekta.

"Boss, hii mashine isiwashwe. Housing ya kisu cha katikati imepasuka. Ikiachilia, kisu itapanda juu, na huko juu ndio mguu ya dereva iko."

"Spare inafika lini?"

"Monday."

"Harusi ni kesho, Dalmas. Wageni mia tatu. Bibi harusi atembee kwa nyasi ya magoti?"

"Tukate na slasher. Hata mimi nitashika moja."

Muiruri akacheka, pengo lake likaonekana. "Boss, si unajua huyu amekuwa akinitafuta? Hizo visu ni mimi nilitengenezesha. Ingekuwa ni yake ingekuwa poa."

Lewis aliijua hadithi ya kantini, kila mtu pale aliijua. Hayo ndiyo malipo ya kuwa mtu wa ngumi: siku unaposema kweli tupu, watu wanasikia kinyongo peke yake. Na Dalmas alikuwa ameshauvua ule mkanda na kuuficha ndani ya koti, jambo lililomharibia zaidi.

"Rudisha mkanda," Lewis akasema, "ama niite polisi waandike ni wizi."

Akaurudisha. Muiruri akaufunga mwenyewe huku akipiga mluzi, akapanda, akawasha. Kishindo kikajaa uwanja mzima. Dalmas alisimama mbele ya trekta, Muiruri akamzunguka. Dalmas akakimbia kando yake, akarukia ubao wa pembeni, akamkamata kola kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulipanda wenyewe. Alijua hasa pale pa kupiga, chini ya kidevu, mara moja tu. Mtu angelala kwenye nyasi, na trekta lingezima lenyewe, maana liliundwa kuzima dereva akitoka kitini.

Muiruri hakujitetea. Alimletea uso.

"Piga, Pasta. Piga basi. Wote wanaona."

Wapishi walikuwa wametoka nje. Lewis alikuwa na simu mkononi. Kumpiga au kumvuta chini, kwa polisi ni kitu kimoja, na kwa Nasimiyu pia. Dalmas aliwaza vile viatu vidogo mlangoni. Akafungua vidole, kimoja kimoja, akashuka.

Trekta lilifika kwenye mteremko karibu na mahema. Kisu kilipasua sinia, kikapasua kikanyagio, kikapasua gambuti na kilichokuwa ndani yake. Kipande kimoja kiliendelea kuruka mpaka ukuta wa jikoni, kikakwama kwenye tofali. Muiruri alianguka akapiga kelele ambayo hata mwenye sikio moja aliisikia pande zote mbili.

Dalmas alimfikia wa kwanza. Alivua mshipi, akaufunga chini ya goti, akaukaza kwa bisibisi, akatia gumba ndani ya nyama penye kuruka damu. Muiruri, kwa maumivu, alimpiga usoni kwa ngumi zote mbili, mara tano, sita, pua ikavunjika. Dalmas hakuachilia. Lewis alikuwa amepiga magoti kando ya hema akitapika.

Hospitalini waliukata mguu chini ya goti.

Jumapili kanisani, Nasimiyu alisimama akasimulia alichoambiwa na wapishi: kwamba mumewe alikuwa amemshika adui yake kola, akamwachilia. Waumini wakamshukuru Mungu. Mama mmoja alimshika Dalmas mikono akalia. Dalmas alitoka nje nyimbo zikiendelea, akaenda moja kwa moja wodini.

Muiruri alijiinua kwa kiwiko.

"Ulikuwa umenishika," akasema.

"Nilikuwa nimekushika."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Si ungenipiga tu, Dalmas. Ile ingine ulinipiga na nikaendelea kula." Akageukia ukutani, akaanza kulia.

Jioni Nasimiyu alikuwa akikata sukuma wiki jikoni, Shantel akifanya homework mezani. Dalmas alisimama mlangoni na bendeji yake ya pua.

"Ningempiga," akauliza, "ungeenda?"

Kisu cha Nasimiyu kikasimama. Angeweza kumdanganya, na mimi naamini alifikiria kumdanganya.

"Ningeenda," akasema. "Angekuwa na miguu yote miwili. Na mimi ningejuaje ulikuwa unamwokoa?"

Dalmas akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti, akakaa karibu na mwanawe.