Chumba Ambacho Hakikutandikwa

"Shangazi, mbona unaanza na vitanda, na mtambo wenyewe uko darini?"

Aliyeuliza alikuwa na miaka minane, na nyumbani walimwita Maswali, jina alilolipata kwa haki kabisa. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, mtaa mzima ulimjua kama Fundi Joto.

"Nataka kujua nani anakoroma," akamjibu, akapita.

Ndivyo alivyokuwa. Kila nyumba aliyoitwa kukagua mtambo wa kupasha joto na kupoza hewa, alitua mkoba wake mlangoni, akatoa kipimo cha hewa kidogo kama redio ya mkononi, akaomba kuonyeshwa wanakolala watu. Wateja walishamzoea. Siku hiyo lakini nyumba ilikuwa ya kaka yake, na mwenye nyumba ni wifi.

"Karibu mkaguzi!" mama yake Maswali alisema, mikono kiunoni. "Umekuja kukagua mtambo, au kukagua kama nimemtandikia kaka yako?"

"Vyote viwili. Kaka yangu nilikukabidhi akiwa na mashavu."

"Yamehamia tumboni, wifi. Yapo salama."

Wakacheka, lakini macho ya mama hayakucheka. Chumba cha kwanza alifungua. Cha pili akafungua. Cha mwisho akasimama mlangoni kama askari.

"Hiki achana nacho. Ni shaghalabaghala, nguo hadi kwenye dirisha. Halafu Bonge amelala."

Bonge alikuwa kitinda mimba wao, hata kutembea bado.

"Amelala tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Raha tupu! Tangu tuwashe joto, mtoto analala fofofo, hata kunyonya haamki."

Maswali alikuwa hajawahi kuona sura ya mtu ikibadilika vile. Shangazi, ambaye hata jikoni haingii bila hodi, alimsukuma wifi yake kwa bega. Mlango ukafunguka, na kile kipimo kikapiga ukelele kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Tokeni nje! Wote! Acheni viatu!"

Alitoka mbio, Bonge mikononi, kichwa cha mtoto kikiyumba huku na huku kama hakikuungwa shingoni. Uani baridi ilikuwa inauma. Jirani aliyekuwa akianika nguo akatupa beseni, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Fundi Joto alimsugua mtoto mgongo, akampiga nyayo, akamwita. Kimya.

"Wifi, mwanangu ana nini? Wifi, sema!"

Shangazi aliendelea kumpiga nyayo.

Ndipo Bonge akakohoa, akatapika, akaangua kilio. Mama yake akamnyakua, akamkumbatia.

Hospitalini baba alifika anahema. Aliposikia, akashika kichwa. Wiki ile alikuwa amepanda darini kufunga antena, akakanyaga bomba linalotoa nje moshi wa mtambo unaochoma gesi, likaachana. Akaliunga kwa utepe wa gundi, juu ya chumba cha mwanawe.

"Dada, lakini nilinusa! Hakukuwa na harufu yoyote!"

"Hewa ya sumu ya moshi huo haina harufu. Haina rangi. Inakupa usingizi tu, nawe unashukuru."

Baba alimtazama mtoto, pua imefunikwa na kifuniko cha oksijeni, akalia mbele ya wauguzi.

Sasa Maswali yuko sekondari, na Bonge anavunja vioo vya majirani kwa mpira. Juzi Fundi Joto alikuja tena kukagua, akapitia vyumba vyote na kile kipimo. Alipokuwa akikunja ngazi, Maswali akamuuliza lile swali la kuanza na vitanda, safari hii akikataa mzaha.

Shangazi alifuta mikono polepole.

"Mtu aliye macho akizidiwa, atatoka nje alalamike. Aliyelala halalamiki, mwanangu. Kwa hiyo naanza na yeye. Na mwambie mama yako, siku ile hata sikuangalia kama kitanda kimetandikwa."