Jina Ambalo Mjane Hakuweza Kulitaja

Pale kijijini kwetu Akheri, nilipoondoka kwenda kusoma, walisema nitarudi na viatu tu. Baba mdogo alisema hata viatu vitabaki Dar es Salaam. Nikaosha vyombo hotelini, nikajilipia ada, nikarudi na diploma ya utunzaji wa kumbukumbu. Katika ukoo wetu nilikuwa wa kwanza, na sioni sababu ya kulisema kwa kunong'ona.

Siku ya kwanza kazini, mjini Arusha, Msajili wa Wilaya aliitazama tai yangu, akasema, "Kijana, hapa watu wanakuja wamekwisha kulia. Usiwalize tena."

Chuoni hawakunifundisha hilo. Mengine niliyajua: jina la marehemu, umri, sababu ya kifo, na mtoa taarifa, yaani anayesimama mbele ya serikali na kusema fulani hayupo tena. Aliyefia hospitali alikuja na karatasi za daktari. Aliyefia nyumbani, na barua ya mtendaji wa kijiji. Mwandiko wangu ulipita wa wenzangu wote. Hata wateja wa Njiro, mtaa wa wenye nacho, waliulizia aliyeandika.

Kisha nikapelekwa kituo cha Oldonyo Sambu, kwa Wamaasai, na huko mwandiko haukunisaidia.

Alikuja mjane mmoja. Shemeji yake alikuwa ameshaingiza ng'ombe wa kulima kwenye shamba la marehemu, na Mahakama ya Mwanzo haikuweza kusikiliza mirathi bila cheti cha kifo. Barua ya mtendaji ilimtaja marehemu kama "Baba Naserian", basi.

"Yeyo," nilimwita, yaani mama kwa Kimaasai, "jina lake kamili?"

"Aliyekwenda hatumwiti kwa jina, mwanangu."

"Bila jina siwezi kuandika."

Akajifunika uso kwa shuka.

Mkuu wangu wa kituo akasema, "Hakuna jina, hakuna kifo. Mrudishe."

"Mzee, mtoa taarifa si lazima awe mjane. Aliyekuwepo mtu akikata roho anatosha."

"Hiyo diploma yako itatuua."

"Nitawaandika vizuri, mzee."

Alicheka, akaniachia.

Aliyekuwepo alikuwa Mangi, Mchaga mwenye duka, aliyembeba mgonjwa kwenye pikapu yake, akamfia njiani. Yeye mila ile ya kutomtaja marehemu haikumfunga. Nilimpeleka nyuma ya ofisi, karibu na tangi la maji, mjane asisikie. Akalitaja jina, nikaandika, kisha nikamsomea kwa sauti ya chini, maana ndio utaratibu.

Mangi akashika ukuta. "Jamani! Tangu tumzike sijalisikia hilo jina. Hata mimi nilikuwa nameza tu, niwaheshimu. Soma tena."

Utaratibu ni kusoma mara moja. Nilisoma tena.

Cheti nilimkabidhi mjane kikiwa kimekunjwa, maandishi ndani. Mahakama ikampa usimamizi wa mirathi, na shemeji akaondoa ng'ombe wake.

Siku hizi vijana wanabonyeza kompyuta, na mambo yanakwenda haraka. Sawa. Lakini muulizeni kwanza aliye mbele yenu anaweza kusema nini na hawezi kusema nini. Mimi nimestaafu na barua ya pongezi, tena nimeitundika sebuleni.

Wiki yangu ya mwisho kazini, yule mjane alikuja na kibuyu cha maziwa.

"Nasikia unaondoka. Sasa nani atabaki na lile jina?"

Nikamwonyesha kabati la madaftari. "Limo mle, yeyo. Nikusomee?"

"Hapana! Usinitajie. Niambie tu lipo."

"Lipo."

Akaniwekea mkono kichwani, kama wazee wao wanavyomsalimia mtoto, nami na tai yangu shingoni.