Mpiga Pembe Aliyeacha Sigara

Mpiga pembe wa Shinyalu alikuwa akikuambia kabla hujamuuliza kwamba sigara aliacha zamani. Huku akisema hivyo alikuwa akitoa sigara yake ya betri mfukoni, akivuta, na moshi wenye harufu ya embe ukimfunika hadi kofia. Mdomo wa pembe alikuwa akiupangusa kwa shati, taratibu, kama mama anayempangusa mtoto kamasi. Jumamosi moja ya mafahali kupigana, alimtangulia fahali wa mzee Shimoli akimwongoza kwa mlio wa pembe kwenda uwanjani. Katikati ya mlima pumzi ikamkatika. Pembe iliponyamaza, fahali naye akasimama, akaanza kula mahindi ya watu. Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Tupa hiyo kitu," Shimoli akamwambia, "ama nitafute mpiga pembe mwingine."

"Lakini mzee, si nimeshaacha nusu? Sigara sivuti tena."

"Nikotini ni ile ile. Na huyu fahali, yeye anapigananga nusu?"

Mpiga pembe alimtazama fahali, akautazama mlima uliobaki. Akamkabidhi Shimoli ile sigara ya betri, akavuta hewa tupu, akapuliza. Pembe ikalia kama ndama. Lakini fahali akainua kichwa, akamfuata.