Ukuta Tulioujengea Bahari

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu: "Dada, njoo Sur uone msingi wa hoteli mpya." Nikaenda na furaha zangu zote. Nilipofika ufukweni nikaona vigingi na kamba kwenye ule uwanja mpana wa mchanga na kokoto, chini kabisa. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Yeye alidhani ni jua.

Ngoja nikuhadithie, ndugu yangu, maana yeye alizaliwa mwaka mmoja baada ya mambo yale na hakuona kitu.

Tulitoka Unguja tukafika Oman, mji wa Sur, mimi sijaota hata meno ya pili. Baba alitafuta kiwanja cha kujenga nyumba ya wageni, akashangaa kwamba watu wote wa pale wamejibana juu kwenye mwinuko, na uwanja ule mzuri, sawa kama mkeka, wameuacha mtupu. Akaona wenyeji hawana macho. Jirani yetu, bibi mjane aliyekuwa akianika papa, alimjia na fimbo yake akamwambia kwa Kiarabu, "Ya waladi, mwanangu, hapa pana mwenyewe. Hii ni njia ya wadi." Wadi ni mto mkavu, unaopitisha maji siku mvua ikinyesha milimani. Sisi kwetu mto una maji. Baba akacheka: "Mto gani huo, mama? Mimi naona mchanga mtupu."

Tukajenga vyumba sita. Kazi yangu mimi ilikuwa kufagia mchanga kila asubuhi na kukunja mashuka, tena kwa kununa. Walikuja walimu wa Kimisri, madereva wa malori, na familia kutoka Ibra na Nizwa waliotaka kuona bahari, na tende zao ndani ya makuti. Bibi yangu ndiye aliyekuwa jikoni. Harufu ya samaki wa kupaka ikitoka, wageni walitoka vyumbani wenyewe bila kuitwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alikuwa akisema, na kweli yeye alipona. Unguja alikimbia nyumba yake akaacha chungu motoni, na mwaka mzima baada ya kufika hakuwa akisema ila salamu. Hoteli ile ndiyo iliyomrudishia ulimi. Aliapa kwamba nyumba ya pili hatoki kwa miguu yake.

Kimbunga cha kwanza kilitoka baharini kikachukua mapaa na magodoro. Baba hakukata tamaa. Alijenga ukuta wa mawe, mrefu kumpita yeye, kuizuia bahari. Jirani alikuja tena akautazama, akaniuliza mimi, mtoto, "Baba yako anamfungia nani mlango?" Sikumwelewa.

Kimbunga cha pili kilikuja nikiwa darasa la tatu. Bahari ilipiga ukuta siku nzima, na ukuta ukasimama! Asubuhi ya pili jua likatoka, upepo ukatulia, baba akatupandisha juu ya ukuta tuicheke bahari. Wageni walipiga makofi. Bibi alibaki jikoni akikuna nazi za wali wa shukrani.

Basi nikasikia ngurumo nyuma yangu. Nyuma, ndugu yangu, upande wa milima, na mbingu nyeupe haina wingu. Nikageuka nikaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakuja na miti mizima. Mpaka leo nikikumbuka hujishika kifua. Yaliingia uani, yakataka kwenda baharini yakaukuta ukuta wetu. Yakajaa. Tulikuwa tumejifungia na adui ndani.

Baba alipiga kelele, "Mama! Mama yuko jikoni!" lakini baina yake na jiko palikuwa na maji ya shingo. Aliyemtoa bibi ni yule mjane. Aliijua ngurumo ile kabla yetu, akateremka mbio na watoto wake wa kiume wawili, wakavunja dirisha la nyuma wakamvuta nje. Bibi alikuwa akikataa. Alishika kizingiti kwa mikono miwili, akisema atakufa na nyumba yake. Sikupata kumwona mtu mzima akilia vile.

Sisi na wageni tulikimbia juu ya ukuta mpaka mwinukoni, nyuma yetu ukapasuka, vyumba vyote sita vikaenda nao. Baba alikaa chini akasema basi, tunakwenda Maskati, nitatafuta kazi ya ofisi. Ule ukimya wa zamani wa bibi ulirudi, na mimi uliniogopesha kuliko maji.

Lakini asubuhi watu wa juu waliteremka, kila mmoja na alichookota ufukweni: huyu mto wa kulalia, huyu sahani, huyu mlango mzima kichwani. Mzee mmoja alileta kibao cha mbuzi cha bibi, amekishika kwa mbali, haelewi kama ni kiti au silaha. Bibi akamtazama, akacheka. Akakikalia pale pale kwenye matope akaomba nazi.

Baba aliinuka akamwendea mjane, kichwa chini. "Nisamehe, mama. Tuanzie wapi?" Mjane akapanda mwinuko polepole, akachomeka fimbo ardhini. Hapo ndipo tulipojenga, na hapo bibi alipikia wageni mpaka alipofariki.

Mdogo wangu ameibomoa nyumba ile mwaka huu. Mjane hayupo, baba hayupo, na kwetu waliojua maji yanapita wapi nimebaki mimi. Niling'oa kigingi chake kimoja, nikapanda nacho nikihema, nikakichomeka palipokuwa na fimbo. Nikamwambia, "Huko chini ni njia ya wadi."

Akacheka. "Mto gani huo, dada? Mimi naona mchanga mtupu."

Kicheko kilikuwa cha baba hasa, na yeye naye alisimama akiitazama bahari, milima kaipa mgongo.