Nyama ya Ijumaa Kabambare

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya Teritwari, yaani wilaya, ya Kasongo, sikugusa mashine ya kuandika hata kidogo. Karani mkuu, mzee Mwislamu wa familia za zamani za mjini, alinisimamisha mbele ya kalenda mbili ukutani.

"Hii ni ya Leta," akasema, maana ndivyo tulivyoita serikali, "na hii ya misioni. Usiandike siku hata moja kama haujaangalia zote mbili. Ya tatu, ya kwetu Waislamu, iko mu kichwa yangu. Utaniuliza."

Nilijifunza stensili, karatasi ya nta unayoipiga kwa mashine ili itoe nakala nyingi. Baadaye nikahamishiwa Kabambare, karani peke yangu, nikajiona bingwa. Huko nikamchumbia Yuliana, binti wa Katekista Paulo. Mahari ilikwisha kupokewa, ikabaki ndoa tu.

Sikukuu ya Wabelgiji, watawala wetu wakati ule, ilipokaribia, Administrata, mkuu wa Teritwari, aliniagiza programu: gwaride, mbio za magunia, kuvuta kamba, kisha ng'ombe kwa watu wote. Nikapiga stensili, matarishi wakazifikisha nakala mpaka vijiji vya Wamaza na Lusangi. Kalenda ya misioni sikuitazama. Kumbe siku hiyo ni Ijumaa, na Mkatoliki wakati ule Ijumaa hali nyama.

Katekista Paulo alifika ofisini akihema.

"Karani, umeandika zambi na mashine! Mutoto wangu hataolewa na mutu wa kulisha wakristo nyama siku ya Ijumaa."

Nilimpenda Yuliana, nalisema wazi. Padri mkuu naye akaja juu. Administrata akagoma: "Sikukuu ya Leta haihamishwe!" Padri akajibu: "Na mufungo wa Kanisa hauhamishwe!" Mimi nimo katikati. Mwishowe nikathubutu kusema: tuweke mistari miwili, samaki kwa Wakatoliki, nyama kwa wengine. Wakakubali, nikapewa kusimamia nyama, mbichi, kila mtu akapike kwake. Katekista hakulainika hata hivyo.

Siku yenyewe, sijui kofia zote zile zilitoka wapi. Kabambare haijapata kuwa na Waislamu wengi namna ile! Mstari wa samaki ulikuwa mfupi, wa nyama ukazunguka uwanja. Nikagawa, nikagawa, mpaka ikanyooshwa mikono miwili yenye jani la mgomba. Nikainua macho. Katekista Paulo, kofia ya kuazima imemshuka mpaka masikioni.

"Unaandika majina?" akanong'ona.

"Hapana, Baba. Nagawa tu."

"Basi ongeza kidogo, mukwe."

Tulifunga ndoa mwezi uliofuata.

Nilitumikia wakubwa wengi mpaka nikastaafu, na tangu Ijumaa ile sikupanga tena siku bila kupitia kalenda zote. Nanyi vijana mnaopanga sherehe, fanyeni hivyo. Siri ya mkwe wangu niliitunza hata nyumbani, kwa heshima yake. Sasa ametangulia, nikaona niiandike, na kabla ya wengine nikamsomea mke wangu, huku nikiogopa atachukia kwa ajili ya baba yake.

Yuliana alisikiliza mpaka mwisho.

"Na weye unazani ile nyama, nani alimupikia?" akasema, akarudi jikoni.