Nilivyomjibia Wambui mbele ya wazazi

Leo nimeaibika mbele ya wazazi wote wa gredi ya tisa, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe.

Shule ilituita tusikie watoto wakisema wanataka kusomea nini sekondari, hadi chuoni.

Mjukuu wangu Wambui akasimama. Kabla hajafungua mdomo, nikamjibia.

"Huyu ni daktari. Mimi na marehemu babu yake tulinunua shamba na wenzetu baada ya uhuru, tukalima ili watoto wetu wasilime. Jembe ni la walioshindwa na shule."

Wazazi wakacheka. Na mimi nikacheka.

Wambui alikuwa bado amesimama.

"Shosho," akasema polepole, "mimi nataka kusomea kilimo. Guka alijua."

Jamani.

Guka ndiye babu yake. Alipokuwa hai, kila Jumamosi wale wawili walikuwa wakishinda kwenye mahindi, mzee akimwonyesha jinsi ya kuchagua mbegu. Mimi nilidhani anamtuliza tu mtoto.

Mwalimu akaniambia kwa upole, "Mama, keti tumsikie."

Nikaketi. Wambui akaeleza habari za udongo na chuo anachokitaka, lakini sauti yake ilikuwa imeshaingia baridi.

Tulipofika nyumbani nikamwomba msamaha. Amejibu, "Ni sawa, Shosho," vile mtu hujibu kama bado inauma.

Nyinyi mngefanyaje?

Mimi nimeona niandike hapa kwenye kundi letu la wazazi, kwa sababu wengi wenu mlikuwepo. Kama ulicheka pamoja nami, ujue hivi: Wambui wetu atasomea kilimo, na shamba letu ni lake la kujaribia atakayojifunza.